Baby Peggy: Mshahara Ulioliwa, Mikanda Iliyooza

Mwaka 1923, huko Hollywood, chumba kiliandaliwa kiungue, na mtoto wa kike ambaye hajatimiza hata miaka mitano akawekwa ndani peke yake. Alikuwa ameelekezwa mlango wa kutokea. Lakini mafuta ya taa yalimwagwa pasipostahili, na kiberiti kilipowashwa, mlango wenyewe ndio ulioshika moto. Mtoto yule hakungoja wakubwa. Alikimbilia dirishani, fremu yake nayo inawaka, akapenya, akatoka nje. Filamu hiyo, The Darling of New York, iliingia kwenye majumba ya sinema mwaka huohuo.

Jina lake lilikuwa Peggy-Jean Montgomery, ila watazamaji walimjua kama Baby Peggy. Kazi yangu ni kutunza mikanda ya filamu za zamani, na kila ninapofundisha habari za watoto waliocheza filamu za kimya huanza na yeye. Vitu viwili vilipotea katika maisha yake: fedha aliyoichuma, na kazi yenyewe aliyoifanya. La kwanza linasimuliwa sana. La pili linanigusa zaidi, kwa sababu ndilo ninalolishika kwa mikono yangu.

Alizaliwa California tarehe 29 Oktoba 1918. Baba yake, Jack Montgomery, alikuwa mchunga ng'ombe aliyehamia kwenye filamu, akichukua nafasi ya waigizaji wakubwa kama Tom Mix kwenye matukio ya hatari ya kupanda farasi. Peggy alipokuwa na miezi 19, mama yake alimbeba kwenda kutembelea studio ndogo iitwayo Century. Mwongozaji Fred Fishback akamwona ametulia, hasumbui, anafanya anachoambiwa. Akampa kazi pamoja na mbwa maarufu wa studio, Brownie. Utulivu ule haukuwa wa bahati. Nyumbani alifunzwa kutii papo hapo, na baba mtu alijivunia hilo kuliko kipaji chochote cha mwanawe.

Hapa inafaa kueleza filamu ya kimya ilivyotengenezwa. Kamera haikunasa sauti, hivyo mwongozaji aliweza kumsemesha mchezaji muda wote inapozunguka: cheka, geuka, ogopa, sasa lia. Hakuna maneno ya kukariri. Mtoto asiyejua kusoma aliweza kubeba filamu nzima, ilimradi uso wake ufuate amri. Peggy aliweza kulia akiamriwa, na aliwaigiza nyota wa wakati ule, Rudolph Valentino na Pola Negri, hadi watu wakavunjika mbavu. Kati ya 1921 na 1924 inakadiriwa alicheza filamu fupi zipatazo 150. Alifanya kazi saa nane kwa siku, siku sita kwa wiki. Shule hakuna. Katika filamu moja alizamishwa baharini mpaka akazimia, na katika nyingine alisafirishwa chini ya behewa la treni.

Madoli yenye sura yake yaliuzwa madukani. Mwaka 1924 alisimamishwa jukwaani kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic jijini New York. Mkataba wake ulitajwa kuwa na thamani ya dola milioni 1.5 kwa mwaka. Fedha zote zilipita mikononi mwa wazazi, zikaishia kwenye magari, nyumba na nguo, na nyingine ziliibwa na babu yake wa kambo. Hakuna kilichowekwa akiba kwa ajili ya mtoto. Mwaka 1925 baba aligombana na mtayarishaji Sol Lesser kuhusu malipo, na milango ya studio ikafungwa. Peggy akiwa na miaka sita tu, familia ikamtembeza nchi nzima kwenye maonyesho ya jukwaani. Yeye mwenyewe alipewa senti tano kwa kila onyesho. Miaka ya 1930 alirudi Hollywood kusimama kwenye makundi ya wapita njia, wale ambao mtazamaji hawaangalii.

Mtoto mwingine wa enzi hizo, Jackie Coogan, aliyecheza na Charlie Chaplin katika The Kid ya 1921, aliwashtaki mama yake na baba wa kambo mwaka 1938. Kati ya mamilioni aliyochuma, aliambulia dola 126,000 hivi. Kesi hiyo ilizaa sheria ya California ya 1939 ya kulinda mapato ya watoto waigizaji. Ilikuwa na matundu mengi, na ni marekebisho ya mwaka 2000 yaliyosema waziwazi kwamba mapato ni mali ya mtoto na kwamba asilimia 15 lazima iwekwe kwenye akaunti ya amana. Sheria ya kwanza ilipopita, Peggy alikuwa na miaka 20. Haikumrudishia kitu.

Sasa nirudi kwenye mikanda. Filamu za wakati ule zilichapwa kwenye selulosi naitreti, nyenzo iliyo ndugu wa baruti. Ikishika moto hujitengenezea oksijeni yake, kwa hiyo huendelea kuungua hata ukiizamisha ndani ya maji. Isipoungua, huoza. Kwanza unafungua kopo unapokelewa na harufu kali, kisha picha inaanza kufifia na kuwa kahawia, mkanda unanata kama asali, unaganda kuwa bonge, na mwisho unabaki unga wa kahawia chini ya kopo. Nyingine ziliyeyushwa makusudi ili kupata madini ya fedha yaliyomo kwenye picha, maana filamu zenye sauti zilipoingia, sinema hizi za kimya zilionekana takataka. Uchunguzi wa Maktaba ya Bunge la Marekani uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kuwa kati ya filamu ndefu za kimya karibu 11,000 za nchi hiyo, ni asilimia 14 tu zilizobaki katika hali yake ya asili. Filamu fupi hazikuhesabiwa humo. Studio ya Century iliungua mwaka 1926, na sehemu kubwa ya kazi ya Peggy ikateketea nayo. Zilizosalia ni chache mno.

Kwa miaka mingi alilificha jina lile. Alichukua jina la Diana Serra Cary, akauza vitabu, kisha akaandika historia ya Hollywood na ya watoto wenzake, akawatetea watoto wanaoigiza leo. Riwaya yake ya kwanza ilitoka alipokuwa anakaribia miaka 99. Katika uzee alialikwa kwenye matamasha ya filamu za kimya, akaketi gizani na watazamaji kumtazama yule mtoto. Alifariki huko Gustine, California, tarehe 24 Februari 2020, akiwa na miaka 101.

Captain January ya 1924 imesalia. Humo anacheza yatima aliyeokolewa baharini na mlinzi wa mnara wa taa.