Virusi Vinavyodumu Mwilini: Dhana Potofu na Ukweli kuhusu Seli za Kinga

Katika kipimo cha haraka cha VVU, mhudumu huchoma ncha ya kidole, hudondosha tone la damu na kimiminika kidogo, kisha anayepimwa hukaa akikitazama kile kipande cha plastiki kwa dakika zinazoonekana ndefu kuliko zilivyo. Mstari wa kwanza huonyesha tu kwamba kipimo kinafanya kazi. Wa pili ukijitokeza, kwa vipimo vingi maana yake si kwamba kirusi chenyewe kimeonekana, bali zimeonekana kingamwili dhidi yake: mwili umekwisha kumtambua mgeni na umetengeneza silaha za kupambana naye. Basi inakuwaje silaha zipo na mgeni hatoki? Dhana nyingi potofu kuhusu VVU, homa ya ini aina ya B na jamii ya virusi vya tetekuwanga huzaliwa pale swali hili linapojibiwa kwa haraka.

Dhana: Mwenye kingamwili amekwisha kupona

Kwa surua, mwenye kuamini hivyo hakosei sana. Kwa VVU anakosea kabisa. Kingamwili hunasa umbo la nje la kirusi, na VVU hujinakili kwa makosa mengi yasiyosahihishwa, kiasi kwamba kingamwili inayolingana na umbo la leo inapopatikana kwa wingi, virusi vyenye umbo jingine vimekwisha kuenea. Zaidi ya hayo, kingamwili haingii ndani ya seli ambayo kirusi kimekwisha kupachika jeni zake kwenye vinasaba vyake. Ndiyo maana pia mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU hapimwi kwa kutegemea kingamwili pekee kabla ya kufikisha takriban miezi 18: zile za mama yake huweza kubaki katika damu yake, kwa hiyo hutafutwa vinasaba vya kirusi chenyewe. Kwa homa ya ini B, kingamwili dhidi ya ganda la nje ni dalili ya kinga, iwe ya chanjo au ya kupona, lakini kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi huonyesha tu kwamba mtu aliwahi kukutana nacho. Nimeona majibu haya mawili yakichanganywa, na mwenye ugonjwa akaenda zake akiamini yuko salama.

Dhana: Seli za kinga humwona kirusi kama mlinzi anavyomwona mwizi mlangoni

Seli T, ambazo ndizo tegemeo kubwa dhidi ya virusi vilivyokwisha kuingia ndani, hazimwoni kirusi. Karibu kila seli ya mwili hukatakata sehemu ya protini zinazotengenezwa ndani yake na kuvitandaza vipande hivyo juu ya ngozi yake, vikiwa vimeshikiliwa na molekuli ziitwazo HLA, kama mwenye duka anavyotandaza sampuli za bidhaa zake nje ya mlango. Kipande kimoja huwa na asidi amino 8 hadi 10 hivi. Seli T ya kuua hupita ikivipapasa, na ikikuta kipande kisicho cha nyumbani, huiua seli inayokionyesha. Mwaka 1974, mjini Canberra, Rolf Zinkernagel na Peter Doherty walionyesha kwamba seli T za panya huua seli yenye virusi endapo tu molekuli zake za kutandazia zinafanana na za panya huyo. Ugunduzi huo uliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1996.

Ukishaelewa hivyo, ujanja wa virusi huonekana wazi. VVU hutengeneza protini iitwayo Nef, ambayo huziondoa baadhi ya HLA juu ya seli ili sampuli zisionekane. Haiziondoi zote, kwa sababu ipo aina nyingine ya seli za kuua ambayo hushuku seli yoyote isiyoonyesha kitu. Kirusi cha tetekuwanga kina njia rahisi zaidi: hujificha ndani ya seli za mishipa ya fahamu na kukaa karibu kimya kabisa, bila kutengeneza protini za kutosha kuonyeshwa.

Dhana: Mkanda wa jeshi ni kurogwa, na ukizunguka mwili ukakutana mgonjwa hufa

Ni kirusi kilekile cha tetekuwanga ya utotoni. Tetekuwanga inapopona, kirusi hubaki katika vifundo vya mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo, nazo seli T hukizuia kisiamke. Zikipungua kwa uzee, kwa VVU au kwa dawa za kutibu saratani, kirusi huteremka kupitia mshipa mmoja hadi kwenye ngozi. Mtazame mgonjwa kwa makini: malengelenge huanzia mgongoni, hupinda mbavuni na kuja mbele, kisha kwa kawaida hukoma kwenye mstari wa katikati ya kifua. Hukoma hapo kwa sababu kila mshipa huhudumia nusu moja tu ya mwili. Pande zote mbili kupatwa kwa pamoja ni nadra, wala si hukumu ya kifo. Si kila mwenye mkanda wa jeshi ana VVU, lakini kijana anayeupata ashauriwe kupima.

Dhana: Kinga imelala, inahitaji kuongezewa nguvu

Kwa maoni yangu, hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa kuliko zote, maana ndiyo inayouza chupa za dawa za "kuongeza kinga" kwa watu ambao tayari wana dawa za kweli mkononi.

Seli T zinazopambana na kirusi kisichoondoka hazijalala, zimechoka. Mwaka 1998 watafiti waliokuwa wakichunguza kirusi kiitwacho LCMV katika panya walikuta seli T zenye uwezo wa kukitambua zipo, ila zimepoteza uwezo wa kutenda. Mwaka 2006 ikaonekana kwamba seli hizo zimejaa kitu kama breki, protini iitwayo PD-1, ambayo maabara ya Tasuku Honjo huko Kyoto iliigundua mwaka 1992. Breki ilipozuiwa, nyingi zilirudi kazini. Elimu ya breki za aina hii ndiyo iliyozaa dawa mpya za saratani, na Honjo alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2018 pamoja na James Allison.

Lakini breki hiyo haikuwekwa bure. Panya waliozaliwa bila protini inayoikanyaga breki hiyo, walipoambukizwa aina ya LCMV inayodumu, walikufa, na kilichowaua ni mashambulizi ya kinga yao wenyewe. Kwa binadamu, sehemu kubwa ya uharibifu wa ini katika homa ya ini B hufanywa na seli za kinga zinapoziua seli za ini zenye kirusi. Nacho VVU huzaliana vizuri zaidi katika seli za CD4 (aina ya seli T ambazo kirusi hiki hushambulia) zilizoamshwa, hivyo kuichochea kinga ovyo ni kukiandalia kirusi shamba. ARV haziiongezei kinga nguvu moja kwa moja. Hukizuia kirusi kuzaliana, na idadi ya CD4 hupanda yenyewe zinapoacha kuuawa.

Dhana: Virusi visipoonekana kwenye damu vimekwisha

Kwa VVU, vimebaki kimya ndani ya seli chache za CD4 zenye kumbukumbu, na dawa zikiachwa, kwa watu wengi hurudi ndani ya wiki kadhaa. Hata hivyo ni kweli kabisa kwamba anayetumia dawa na ambaye virusi vyake havionekani hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono.

Dhana: Wapo watu ambao VVU haviwezi kuwaingia

Dhana hii hutajwa sana pamoja na mtaa wa Majengo, Nairobi, ambako tangu miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Manitoba, Kanada, vimewafuatilia wanawake wanaofanya biashara ya ngono. Baadhi yao walikutana na kirusi kwa miaka mingi bila kuambukizwa, na katika damu ya wengi wao zilipatikana seli T za kuua zinazovitambua vipande vya VVU. Hata hivyo, baadaye wachache waliambukizwa, na jambo lililohusishwa na hali hiyo halikutarajiwa: walikuwa wameiacha kazi hiyo kwa muda, kisha wakairudia.