Simsikii harufu ya sigara, ila ya embe

Mwezi uliopita mama mmoja wa Barani alinijia kliniki hapa Malindi, kashika kidude mfano wa flashi ya kompyuta. "Daktari, nimekitoa mfuko wa suruali ya shule ya mwanangu. Simsikii harufu ya sigara, ila ya embe." Ilikuwa sigara ya kielektroniki, ile vijana wanayoiita vepu. Mtoto ana miaka 15.

Akaniuliza amekosea wapi katika malezi. Mimi nilitaka kwanza kujua mwanawe anakaa na nani. Katika tafiti za nchi nyingi, jambo linalojirudia sana ni marafiki: kijana ambaye wenziwe wanavuta, ni rahisi mno naye kumkuta anavuta. Yako na mengine: mtu wa nyumbani anayevuta, matangazo ya mitandaoni, ladha za matunda, kuonja sigara au pombe kabla, na kuamini kwamba ule ni mvuke tu.

Lakini mambo kuandamana si kusema moja limelizaa jingine. Tafiti nyingi huwauliza vijana mara moja tu. Je, marafiki ndio waliompa, au alishaanza akawatafuta wanaofanana naye? Naona yote mawili hutokea.

Fumbo hilohilo liko kwenye huzuni na wasiwasi, na hapa ndipo ninapowasihi wazazi watulie. Kijana mwenye dhiki huvuta apate nafuu. Baada ya wiki kadhaa, nikotini, kile kilevi cha tumbaku kilichomo ndani ya vepu, ikipungua mwilini, hukereka na usingizi humruka, akivuta, hutulia. Ataapa kwamba inamsaidia, kumbe inamwondolea kero iliyoletwa na yenyewe. Ubongo unaendelea kukomaa hadi miaka 25 hivi, na ndiyo maana mtoto hunaswa upesi kuliko mtu mzima. Tena nyingi za siku hizi zina nikotini ya chumvi, isiyokwaruza koo. Zamani sigara ya kwanza ilimkohoza mtoto mpaka akaitupa. Hii haimkohozi hivyo.

Kenya ilipiga marufuku shisha mwaka 2017, na mwaka 2024 Pwani nzima ilikuwa ikizungumza muguka, majani yanayotafunwa kama miraa. Kidude hiki kimepita kimya kwa sababu wazazi tunanusa moshi. Na inaumiza, maana hali inaweza kugeuka: Marekani, asilimia 27.5 ya wanafunzi wa sekondari walisema mwaka 2019 kwamba walikuwa wametumia vepu ndani ya siku 30 zilizopita; mwaka 2024 walikuwa asilimia 7.8.

Yule kijana nilizungumza naye peke yake. Walikuwa wanne, wakipokezana kimoja wakitoka mpirani. Usingizi ulianza kumpotea wakati babake alipokwenda Uarabuni kutafuta kazi, kabla hajavuta hata mara moja. Atarudi Alhamisi, na ameahidi kuja na yule rafiki mwenye kidude. Mamake amekubali kutomgombeza mpaka hapo.