Galland, Hitler na ndege ya jeti Me 262: dhana potofu na ukweli

Dhana: Hitler ndiye aliyeiharibu Me 262 kwa kutaka ibebe mabomu.

Hadithi hii ndiyo inayopendwa kuliko zote, na haikutungwa tu. Novemba 1943, huko Insterburg, Hitler aliuliza kama ndege hiyo ingeweza kubeba mabomu, na mwaka uliofuata akaamuru itumike kwa kazi hiyo. Adolf Galland, mkuu wa ndege za kivita za Ujerumani, alikuwa ameirusha Mei 22, 1943 na kutua akisema ni kana kwamba malaika wanaisukuma. Tangu siku hiyo aliipigania, na hata baada ya vita aliendelea kumlaumu Hitler.

Lakini iwe na amri au bila amri, injini hazikuwapo. Injini ya Jumo 004 ilihitaji nikeli na kromiamu ili vyuma vyake vistahimili joto kali, na Ujerumani haikuwa na madini hayo ya kutosha. Wahandisi wakalazimika kutumia chuma cha kawaida kilichopakwa alumini, na injini za aina hiyo zikaanza kutoka viwandani kwa wingi katikati ya 1944. Zilidumu saa 10 hadi 25 hivi. Tena rubani akiongeza mafuta kwa pupa, injini iliweza kuzimika au kushika moto. Tatizo hilo lisingeondoka hata kama Galland angepewa kila alichokitaka.

Dhana: Ilikuwa jeti ya kwanza duniani.

Hapana. Heinkel He 178 iliruka Agosti 27, 1939. Hata vitani, Meteor ya Waingereza iliingia kikosini Julai 1944, msimu uleule.

Dhana: Hakuna aliyeweza kuidungua.

Kwa mwendo wa kilomita 870 kwa saa, kuifukuza ilikuwa kazi bure. Marubani wa Marekani wakaacha kuifukuza, wakawa wanaivizia karibu na viwanja inapopaa au kutua, maana hapo injini zake zilichelewa kuongeza kasi. Hata angani haikuwa salama. Aprili 26, 1945, Galland, akiwa ameshaondolewa kwenye ukuu na kuongoza kikosi kidogo cha JV 44, alipigwa na ndege ya kivita ya Marekani aina ya P-47, akajeruhiwa goti na kutua kwa shida uwanja wa Riem, München.

Dhana: Ingewahi kidogo, Ujerumani ingeshinda.

Zilitengenezwa zaidi ya 1,400, lakini zilizofika vitani ni chache kuliko hizo: mafuta yalikuwa yamekwisha na marubani wazoefu wameshakufa. Na wanaoiita muujiza wa uhandisi wanapaswa pia kusema nani aliijenga. Viunzi vyake vingi viliundwa ndani ya mahandaki ya St. Georgen, Austria, na wafungwa wa kambi ya mateso ya Wanazi ya Gusen, ambako watu walikufa kwa maelfu kwa njaa, kipigo na kazi za suluba.