Kabla hujaniagiza kabati jipya, tandika mkeka uani

Simu nyingi ninazopokea hapa karakanani Mwanjelwa, jijini Mbeya, zinaanza hivi: "Fundi, vyombo havitoshi tena. Njoo unipimie kabati lingine la jikoni." Naenda, na futi kamba ninayo mfukoni, ila siku hizi siitoi kwanza. Naomba mkeka. Tunautandika uani, tunatoa vyombo vyote kimoja kimoja mpaka kabati linabaki tupu, ndipo tunazungumza. Nina miaka 14 katika kazi hii, na nyumba nyingi ninazoitwa hazina uhaba wa kabati. Vyombo vya wageni vimekalia nafasi ya vyombo vya kila siku, basi.

Juzi nilikuwa kwa mama mmoja Uyole. Makabati yamejaa mpaka milango haifungi, lakini sufuria ya ugali, mwiko, upawa na kikaango viko sakafuni, ndani ya beseni kando ya jiko. Kila siku anainama kuvichukua, na mgongo unamsumbua. Tulipotoa vitu, zikatoka hotpoti saba, nne bado zina karatasi ya dukani. Ikatoka mifuniko 11 isiyo na sufuria. Ikatoka mifuko ya plastiki iliyokunjwa vizuri tangu kabla ya katazo la Juni 2019. Likatoka dumu la mawese ya Kyela, yameganda kwa baridi. Nyuma kabisa, kopo la maharage yaliyotobolewa na wadudu, hakuna punje nzima. Hayo maharage ndiyo yaliyomuuma. "Haya niliyatafuta, fundi. Nikadhani yameisha, nikaenda sokoni kununua mengine."

Hotpoti zilitoka kichenpati, kama kwa kina mama wengi. Huwa simwambii mtu agawe zawadi zake. Namuuliza tu ni ipi aliyoishika mwezi huu. Alichagua mbili, na ni sawa kabisa, maana Juni na Julai huku kwetu ugali unapoa kabla hujanawa mikono. Moja alimwekea binti wa dada yake anayeanza maisha. Nne zikaingia kwenye boksi, pamoja na sufuria kubwa za shughuli, zikaenda stoo.

Palikuwa pia na chungu cha Wakisi, wale wafinyanzi wa mwambao wa Ziwa Nyasa, upande wa Matema. Kina ufa kutoka mdomoni hadi tumboni, hakipikiki tena. Kilikuwa cha marehemu mama yake. Alikishika muda mrefu pale mkekani, akipitisha kidole kwenye ule ufa. Nikamwambia hicho hakimo kwenye hesabu, kikae anapotaka yeye. Mtu akija kukupangia jiko akaanza kukuamulia cha kutupa, mrudishe alikotoka.

Sasa kurudisha. Kuanzia usawa wa nyonga hadi mabegani ndipo mahali penye thamani kuliko pote jikoni, kwa sababu mkono unafika bila kuinama wala kupanda kigoda. Hapo paweke unachoshika kila siku: sufuria mbili tatu, sahani za kulia, chumvi, majani ya chai, sukari. Vizito viende chini, vyepesi na vya nadra viende juu. Usirundike kwa kina. Kitu kilicho nyuma ya vitu viwili vingine kimeshapotea, hata kama kimo ndani ya nyumba yako.

Uzito wa nafaka nausisitiza kwa sababu nimebadilisha shelfu nyingi mno zilizopinda. Watu wanaweka mchele na unga kwenye shelfu ndefu isiyo na mhimili katikati, halafu fundi analaumiwa. Uzito uleule ukikaa katikati ya shelfu, ukiipunguza urefu kwa nusu, kupinda kunapungua mara nane. Kwa hiyo kabla ya kununua ubao mnene, niite nikuwekee mhimili mmoja wa mbao za paini kutoka Sao Hill. Na gunia la mchele halipandi kabatini hata siku moja. Linakaa chini, juu ya kichanja, mbali kidogo na ukuta. Maharage na karanga weka kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, yakiwa makavu, ujaze hadi juu. Hewa ikiwa kidogo, wadudu wanakosa pumzi.

Ukuta wa nje ni adui ambaye watu hawamfikirii. Usiku wa baridi ukuta huo unapoa sana, nawe unapika maharage saa tatu, mvuke unagusa ule ubaridi nyuma ya kabati na kugeuka maji. Ndiyo maana unaona ukungu mweusi nyuma ya sahani hata mahali ambapo mvua haijavuja. Tukuyu, mvua inakopita milimita 2,000 kwa mwaka, hali ni mbaya zaidi. Acha uwazi wa vidole viwili kati ya vyombo na ukuta, na ukimaliza kupika fungua milango kidogo. Kama kabati ni la MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, chini ya sinki weka sabuni na ndoo tu, ili bomba likidondosha uone mapema. Ubao huo ukishanyonya maji unavimba, haurudi.

Viazi mviringo visikae humo chini ya sinki, wala dirishani. Mwanga unavigeuza kijani, na ukijani huo unakupa tahadhari ya solanini, ambayo ni sumu. Tenga lenye matundu, mahali pa giza na pakavu, vitunguu kwenye tenga lao.

Na mtungi wa gesi, hapa naomba unisikilize. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, inatuama sakafuni, ndani ya kabati lililofungwa inajikusanya kimyakimya. Mtungi ukae nje ya nyumba kama inawezekana. Ukilazimika kuuweka kabatini, nitatoboa matundu chini kabisa, yatokee nje ukutani, na humo hakikai kitu kingine. Mteja akikataa matundu kwa sababu yanaharibu sura ya kabati, kazi hiyo siichukui.

Kule Uyole hatukutengeneza kabati jipya. Nilifunga mihimili miwili, nikabadilisha bawaba tatu, nikapiga misumari ya kuning'iniza mwiko na upawa karibu na jiko. Rafu moja ya juu ilibaki tupu. Aliniuliza aweke nini pale, nikamwambia aiache hivyohivyo kwanza. Nilipokuwa nafunga kisanduku changu cha vifaa, alikuwa amekileta kile chungu na kukiweka pale, ufa ukiwa umegeuziwa ukutani.