Chumvi Isiyoonekana

"Daktari, chumvi ya mezani nilishaiacha siku nyingi." Karibu kila mgonjwa wa presha ananiambia hivyo, na mara nyingi anasema kweli. Ila presha bado iko juu. Basi namwomba siku akirudi aje na pakiti za vyakula alivyokula wiki nzima.

Mama mmoja alizipanga zote mezani kwangu. Tukachukua ya supu ya unga, tukasoma nyuma: sodiamu, miligramu 800 kwa bakuli. Akafurahi kwamba neno "chumvi" halimo. Nikamwambia, mama, sodiamu ni sehemu ya chumvi; izidishe mara 2.5 ndipo upate chumvi yenyewe. Gramu 2, bakuli moja tu! Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima abaki chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na humo humo ihesabiwe ya mkate, ya soseji na ya sufuriani.

Sodiamu huvuta maji. Ikizidi, mwili huyashikilia, damu huongezeka ndani ya mishipa, na moyo unaopiga takriban mara 100,000 kwa siku hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi kila pigo. Miaka ikipita, msuli wake hunenepa. Wengi hudhani moyo ulionenepa hivyo ndio wenye nguvu. Sivyo: ukuta hukakamaa, damu haijai vizuri. Na mwenyewe hasikii chochote, jambo linaloniuma kuliko yote katika kazi hii.

Punguza kidogo kidogo. Ulimi huzoea baada ya wiki chache, hasa ukiusaidia kwa ndimu, kitunguu saumu na tangawizi. Kula zaidi maharage, mboga za majani na matunda: yana potasiamu, ambayo husaidia figo kutoa sodiamu, na maharage yana nyuzinyuzi zinazoshusha kolesteroli mbaya. Lakini mwenye ugonjwa wa figo asiongeze potasiamu, wala asinunue chumvi mbadala, ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa potasiamu, kabla ya kumuuliza daktari wake.

Kutembea kwa haraka dakika 30, siku tano kwa wiki, kunatosha kuanzia. Sigara iachwe kabisa. Hapo sina nusu nusu.

Presha nayo ipimwe vizuri. Kaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga sakafu, mkono umelazwa usawa wa moyo, na usiongee. Pima mara mbili, uandike zote. Kipimo kinachofika 140 kwa 90 siku tofauti tofauti kinahitaji daktari.

Na kama tayari unatumia vidonge, usiviache kwa sababu namba zimekuwa nzuri. Huenda zimekuwa nzuri kwa sababu unavimeza. Njoo nazo kwa daktari wako, mkae muamue pamoja kama dozi ipunguzwe.