Wati ni wati: pilipili mbuzi na hita usiyoihitaji

Jumapili usiku, nje nyuzi 30 chini ya sifuri, kijana mmoja wa hapa Edmonton, Kanada, kanipigia. "Shikamoo shangazi. Taa ya LED nimeshanunua, sasa nitafute hita gani? Maana LED haitoi joto." Ni mtu wa nne tangu Novemba kuniuliza hivyo. Wote wanataka kuotesha pilipili mbuzi ndani ya nyumba, kwenye hema la kukuzia mimea, na mbegu zao bado zimo pakitini.

Taa ya wati 240 inatoa joto la wati 240. Hita ya wati 240 inatoa joto hilo hilo. Umeme ukishaingia chumbani hauna pa kukimbilia: hata mwanga ukipiga majani na kuta hugeuka joto, isipokuwa kijisehemu ambacho mmea unakitia akiba, na hicho ni kidogo mno cha kubishania. Taa za sodiamu, zile tulizokuzia mimea kabla ya LED, zilikuwa zikichemsha hema kwa sababu zilikula wati 600. Uchawi hazikuwa nao.

Ila nisimwonee kijana. Sodiamu ilirusha miale ya joto moja kwa moja kwenye jani, kama mtu anayeota moto. LED joto lake jingi hutokea mgongoni, kwenye bati, likapanda juu. Jani lililo chini yake linatoa jasho na kupoa, kwa hiyo hewa ikiwa nyuzi 24, jani laweza kuwa 22. Nilipoacha sodiamu miche yangu ilidumaa wiki tatu nzima nikilaumu mbolea, kumbe ilitaka hewa iongezwe nyuzi mbili tu. Kipimajoto cha kuning'iniza hakitakuambia hayo. Tumia kile cha kuelekeza kama bastola, upime jani lenyewe.

Nafasi. Watu wanapima hema, sentimita 120 kwa 120, wanasahau chumba kinachobeba hema. Feni inatoa hewa moto na hema linavuta ya chumbani. Ukiupeleka mfereji wa feni dirishani, unaupasha joto mkoa mzima wa Alberta. Hewa ibaki besimenti, chumba cha chini ya nyumba kilipo hema, mlango ufungwe. Na hema lisiguse ukuta wa nje! Mwaka wa kwanza nililibana pale ili nipate pa kupita na ndoo. Januari nikalivuta: kitambaa kimegandana na ukuta kwa barafu nyembamba, chini yake ukungu mweusi. Siku hizi naacha upana wa mtu kupita kiubavu.

Adui hasa ni sakafu. Kipimajoto kinasoma 24, ukichomeka kidole kwenye udongo wa trei iliyokaa juu ya zege unakuta 15. Pilipili mbuzi inataka udongo wa 27 hadi 30 ili iote. Kwenye 15 mbegu inaoza ikisubiri. Kreti mbili za maziwa, ubao wa povu juu yake, mkeka wa umeme wa kupasha joto, kisha trei. Kitambuzi cha joto cha mkeka kizame udongoni. Miche ikichomoza, mkeka uondoe.

Taa nawasha saa mbili usiku hadi saa sita mchana, ili joto lake linifae wakati baridi imekaza. Miche haijali, jua la Desemba hapa halitimizi hata saa nane kwa siku.

Halafu eti "hita inakausha hewa". Haikaushi. Hewa ya nje kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, hata ikishiba, ina kama gramu moja ya maji kwa mita ya ujazo. Ikipashwa hadi nyuzi 22 ina uwezo wa kubeba gramu 19. Imeingia ikiwa kavu tayari. Chemsheni maharage, mvuke wake utasaidia miche kuliko mnavyodhani.

Jambo moja linanisumbua. Nimefundishwa taa ikizimwa joto lisishuke chini ya nyuzi 18, na nafundisha hivyo hivyo. Lakini trei zangu zilizolala kwenye 16 baada ya kuchipua zina mashina mafupi, manene, mazuri kuliko zote. Huenda ni baridi, huenda ni kwamba nilizimwagilia kwa nadra. Sijathubutu kumshauri mtu.

Kijana nilimwambia apime sakafu kwanza. Asubuhi katuma picha: 13. Pembeni ya kipimajoto, boksi la hita, limeshafunguliwa.