Je, wajua kwa nini puti ya dirisha hukauka ilhali mawese hayakauki?

Paka mawese kwenye ubao, urudi baada ya mwezi. Ubao bado unateleza, na vumbi lote la Mwandiga, hapa kwetu Kigoma, limenata juu yake. Sasa nenda kwenye dirisha la zamani pale Ujiji, uguse puti inayoshikilia kioo. Nayo ilikandwa kwa mafuta ya mmea, lakini ukiikwaruza, utakaoumia ni ukucha wako. Yote mawili ni mafuta, mbona moja limegeuka jiwe?

Puti ya asili ya kioo ina vitu viwili tu. Kwanza unga wa chaki, ambao ndio karibu wote: katika kilo moja huchukua gramu 800 na zaidi. Chaki hiyo ni mabaki ya magamba ya viumbe wadogo mno wa baharini walioishi enzi za dinosaria, na kazi yake ni kuipa puti mwili, basi. Pili ni mafuta ya mbegu za kitani, yale ambayo mafundi huyaita linsidi. Siri yote imo humo.

Tunasema puti "imekauka", kana kwamba kuna maji yaliyotoka. Hakuna kilichokauka kwa namna hiyo. Linsidi huvuta oksijeni kutoka hewani, na ukiyapima wakati yanaanza kugumu utakuta uzito umeongezeka. Molekuli za mafuta haya zina sehemu nyingi ambazo oksijeni hupata pa kushika. Wanakemia huziita vifungo maradufu. Zaidi ya nusu ya asidi za mafuta zinazounda linsidi ni ile iitwayo alfa-linoleniki, yenye vifungo vitatu vya aina hiyo. Oksijeni ikishika hapo, molekuli hujifunga kwa jirani yake, jirani kwa mwenzake, mpaka mafuta yote yanakuwa wavu mmoja usiotiririka.

Mawese hayana nyenzo hizo. Karibu nusu ya asidi zake hazina kifungo maradufu hata kimoja, na nyingi ya zilizobaki zina kimoja tu. Kuna kipimo cha jambo hili, kwa kuwa iodini nayo hushika kwenye vifungo hivyo: gramu ngapi za iodini hunyonywa na gramu 100 za mafuta. Mawese hupata kama 50, alizeti kama 130, linsidi 170 na kuendelea. Mafuta ya mise, yanayotoka ndani ya kokwa, hayafiki hata 25. Kwa hiyo fundi akikwambia chaki na mawese vitatosha kwa kuwa linsidi ni ghali, mwache aende zake.

Si kwamba mawese yana kasoro. Mtumbwi wa mbao ziwani huvimba ukilowa na kusinyaa ukipandishwa mchangani, hivyo kalafati ya kuziba nafasi za mbao inapaswa kubaki laini. Pamba iliyochovywa kwenye mawese huifanya kazi hiyo vizuri kabisa, kwa sababu ileile inayoyafanya yasifae kwa kioo.

Puti yenyewe jina lake limepitia Kiingereza kutoka Kifaransa, potée, yaani kiasi cha kujaza chungu. Vioo vya zamani vya Ulaya vilishikwa kwa vipande vya madini ya risasi. Matumizi ya puti yalishamiri pale madirisha ya mbao yenye vioo vingi vidogo yalipoenea Uingereza kuanzia mwisho wa karne ya 17.

Makosa ya mafundi wetu ni mawili. La kwanza ni kubandika puti kwenye mbao kavu isiyopakwa rangi ya kwanza: mbao hunyonya mafuta, chaki inabaki peke yake, na masika moja tu puti inamomonyoka. (Chuma hakinyonyi, kwa hiyo madirisha ya chuma yana puti yake.) La pili ni kuacha bila kupaka rangi. Oksijeni haijui kuacha kazi. Mwaka hadi mwaka wavu ule hukaza hadi unapasuka. Subiri wiki moja au mbili puti ifanye ngozi, kisha upake rangi, nayo ivuke hadi juu ya kioo kwa milimita 2 hivi ili mvua isipate mwanya.

Puti ya ukutani ni ndugu wa jina tu. Ile ya saruji nyeupe hugumu kwa maji, na ya jasi usiiweke nje kwa mvua zetu za Kigoma. Ya magari ni plastiki ya poliesta: bila hadina, yaani dawa ya kuigandisha, haigandi, na ukizidisha hadina itakugandia mkononi kabla hujafika kwenye mlango wa gari. Siku hizi silikoni imechukua sehemu kubwa ya kazi za vioo, sawa, lakini jaribu kuitoa siku kioo kikivunjika.

Tahadhari moja kwa wanaotumia linsidi. Kule kushikana na oksijeni hutoa joto. Kwenye ubao joto hilo hupotea hewani. Kwenye matambara yaliyofinyangwa na kutupwa pembeni ya karakana, hukusanyika mpaka yanawaka yenyewe bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja yakauke, au yaloweke kwenye ndoo ya maji.